Papa, Padri na Gereza: Ugomvi wa Roma Ulivyofika Yatta

Asubuhi ya Jumapili mjini Matuu, kando ya barabara kuu itokayo Thika kuelekea Garissa, mtu hutambulika dhehebu lake kabla hajaketi kanisani. Anayesalimu kwa "Tumsifu Yesu Kristu" ni Mkatoliki, na jibu lake ni "Milele na milele, amina." Anayesema "Bwana asifiwe" ni wa AIC, au wa ABC, au wa mojawapo ya makanisa ya mabati yaliyoota nyuma ya maduka. Wa kwanza anakwenda kwenye misa ya padri. Wa pili anakwenda kwenye ibada ya mchungaji. Wote wawili ni Wakamba, pengine ni ndugu wa tumbo moja, na Kiswahili wanachosalimiana nacho walikisoma katika shule moja. Hata hivyo mmoja husema Kristu na mwingine Kristo, na hakuna anayejiuliza irabu hiyo moja ilitoka wapi.

Makala haya yanadai kwamba irabu hiyo ni mabaki ya ugomvi mkubwa uliolitikisa bara la Ulaya kwa zaidi ya miaka mia tano, ugomvi baina ya Papa wa Roma na waliompinga. Yanadai pia kwamba ugomvi huo, ambao wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuwaachia wenzao wa historia na dini, ni mali ya idara za Kiswahili kuliko idara nyingine yoyote. Chanzo chake kilikuwa vyeo na mashamba, lakini kila ulipokomaa uliangukia swali lile lile: neno ni la nani, na lisemwe kwa lugha gani?

Madai ya Papa yalisimama juu ya funguo ambazo Petro alikabidhiwa. Katika karne ya 11, Papa Gregory wa Saba alizitumia kufunga mlango ambao wafalme walizoea kuupita: uteuzi wa maaskofu. Mwaka 1075 alitangaza, pamoja na mambo mengine, kwamba Papa anaweza kumvua mfalme mkuu madaraka yake. Mfalme Henry wa Nne wa Ujerumani alipokaidi alitengwa na kanisa, na Januari 1077 akasimama siku tatu katika theluji mbele ya ngome ya Canossa akiomba msamaha. Wengi huikomesha hadithi hapo, na kwa kufanya hivyo huipotosha. Henry alisamehewa, akarudi kwao, akajipanga upya, na mwaka 1084 akaiteka Roma. Gregory alifia uhamishoni mjini Salerno mwaka uliofuata. Kati ya hao wawili, ni vigumu kusema nani alishinda.

Boniface wa Nane alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1302 alitangaza kwamba kila kiumbe wa kibinadamu, ili aokoke, sharti awe chini ya Papa wa Roma. Mwaka uliofuata watu wa mfalme wa Ufaransa walimvamia mjini Anagni, na baada ya mwezi mmoja hivi akafariki. Mwanafunzi wa fasihi ana sababu ya kumkumbuka Boniface kwa jambo jingine. Mwaka ule ule wa 1302 Dante Alighieri alifukuzwa Florence kwa siasa ambazo mkono wa Papa huyo ulikuwamo, naye akalipiza kwa silaha ya mshairi: katika utenzi wake mkuu alimtengea Boniface nafasi motoni kabla hajafa. Utenzi huo aliutunga kwa lugha ya sokoni ya Florence. Kilatini, lugha ya Papa na ya wasomi, alikitumia kuandika risala ya kuitetea lugha hiyo ya sokoni. Aliwaambia wasomi kwa lugha yao kwamba lugha yao haitoshi.

Baada ya hapo kila mpinzani mkubwa wa Roma ana lugha ya watu mkononi. John Wycliffe wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1384, alihusishwa na tafsiri ya Biblia kwa Kiingereza. Mwaka 1428 mifupa yake ilifukuliwa na kuchomwa moto. Jan Hus, aliyewahubiria watu wa Prague kwa Kicheki, alichomwa akiwa hai mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415, katika mtaguso uleule uliokutana kumaliza aibu ya kuwa na mapapa watatu kwa wakati mmoja. Mnamo 1522 Martin Luther akatoa Agano Jipya kwa Kijerumani, alilolitafsiri akiwa mafichoni. Hakulitafsiri kutoka Kilatini cha kanisa. Alilitafsiri kutoka matini ya Kigiriki ambayo Erasmus alikuwa ameichapisha mwaka 1516. Roma ilijibu katika Mtaguso wa Trento: mwaka 1546 ilitangaza kwamba matini ya kutegemewa ni ile ya Kilatini.

Hapo ndipo irabu ya Matuu inapoanza kueleweka. Kilatini husema Christus, Kigiriki husema Christos. Kristu wa misa ya Matuu ana mwisho wa Kilatini. Kristo wa jirani yake ana mwisho unaofanana na ule wa Kigiriki. Muumini hajui, wala halazimiki kujua. Mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili anapokosa kujua, huo ni uzembe.

Lakini tusiwapake mafuta wapinzani wa Papa. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alijitangaza mkuu wa kanisa la nchi yake mwaka 1534, na kwa muda aliruhusu Biblia ya Kiingereza isomwe. Mwaka 1543 sheria yake ikawakataza wanawake wa kawaida, mafundi na vibarua kuisoma. Mtu aliyeung'oa mlango wa Roma aliuchukua akaufunga mlangoni pake. Jambo hili lina nafasi yake katika hoja itakayofuata.

Ugomvi huo haukubaki Ulaya. Mwaka 1455 Papa Nicholas wa Tano aliwapa wafalme wa Ureno haki juu ya nchi za Afrika walizokuwa wakizifikia kwa jahazi, na mwaka 1493 Alexander wa Sita akachora mstari baharini kuwagawia Wareno na Wahispania ulimwengu ambao wenyewe hawakuulizwa. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa Aprili 1498, wenyeji walimwona baharia mwenye mizinga. Hawakuona kwamba nyuma yake kulikuwa na hati za Papa. Kwa hati hizo mfalme wa Ureno ndiye aliyeteua maaskofu na kuwatuma mapadri katika makoloni yake, yaani kile ambacho Gregory alimkatalia Henry katika theluji, mapapa wa baadaye walimpa mfalme wa Ureno kwa hiari. Roma ilipojuta na kuunda idara yake yenyewe ya uenezaji wa imani mwaka 1622, Wareno walikuwa wamekwisha kukaa Mombasa ndani ya ngome waliyoianza mwaka 1593 na kuipa jina la Yesu.

Kisa cha Yusuf bin Hassan kinastahili kusimuliwa taratibu. Baba yake, Sultani Hassan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za nahodha Mreno wa ngome, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwana, akiwa bado mtoto, alipelekwa Goa hukohuko, akalelewa na watawa Waagostino, akabatizwa jina la Jerónimo. Alirejeshwa Mombasa mnamo 1626 awe mfalme Mkristo, akiwa na mke Mkristo, na mwaka 1627 alipeleka barua ya utii kwa Papa. Kwa karatasi, Mombasa ilikuwa imeingia katika zizi la Petro.

Kilichofuata huelezwa hivi katika kumbukumbu za wakati ule: mfalme alionekana usiku kwenye kaburi la baba yake akiomba kwa taratibu za Kiislamu. Habari zilimfikia nahodha wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, na mpango ukawa wa kumpeleka Goa akahukumiwe na mahakama ya kanisa. Katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni kama anayekwenda kumwamkia nahodha, akamchoma kisu. Siku zilizofuata waliuawa Wareno na Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha imani yao. Mapema mwaka 1632 msafara wa Wareno kutoka Goa ulijaribu kuikomboa ngome, ukashindwa. Lakini Yusuf naye aliuacha mji mwezi Mei, akawa mtu wa baharini, na akafariki Jeddah mwaka 1638.

Huyu alikuwa nani? Wapo wanaomwita shujaa wa kwanza wa uhuru, na wapo wanaomwita mwasi na muuaji wa mashahidi wa dini. Makala haya yanaona kwamba majina yote mawili yanamkwepa. Yusuf alikuwa mtu aliyenyang'anywa baba, jina na lugha ya kuombea, kisha akarudishiwa mji wa baba yake kwa sharti la kuvisahau vyote hivyo. Alikwenda kaburini usiku kwa sababu mchana hakuwa na maneno ya kumzika mzazi wake. Na waliokufa pamoja na Wareno hawakuwa vivuli. Walikuwa Waafrika waliokuwa na imani yao, nao hawakupewa muda wa kuielezea. Msomaji wa tamthilia ataafiki kwamba hiki ni kisa cha tanzia kamili, na ni ajabu kwamba wanafunzi wa fasihi hupita wakikimbilia tanzia za Ugiriki.

Kiswahili kilikuwapo, na kilishuhudia. Wareno walipoondolewa Mombasa mwaka 1698, waliacha maneno machache: meza, bendera, karata, mvinyo, padri. Waliacha na neno jingine ambalo peke yake linatosha tasnifu. Igreja kwa Kireno ni kanisa. Neno hilo lilipopita katika vinywa vya watu wa pwani likawa gereza; likataja ngome, kisha mahali pa kufungia watu. Baadaye Waingereza waliigeuza Ngome ya Yesu kuwa jela tangu 1895 hadi 1958, kana kwamba walikuwa wakilitii neno. Hakuna aliyekaa barazani akaamua kwamba kanisa la mgeni liitwe mahali pa kufungiwa. Lugha ilifanya hivyo yenyewe, polepole. Ajabu nyingine ni kwamba yule padri, ambaye jina lake lina maana ya baba, hakudhurika, na Papa mwenyewe alipowasili katika msamiati alimkuta papa wa baharini amekwisha kuingia kamusini, mwenye meno.

Yapo pia ambayo hayakutoka Roma wala Ujerumani. Kanisa, askofu, kasisi, Injili, msalaba, sala, dhambi: yote yametoka Kiarabu. Mkatoliki na Mprotestanti wa Matuu wanapobishana juu ya nani aliye na kanisa la kweli na askofu wa halali, wanabishana kwa maneno waliyoazimwa na Waislamu wa pwani. Muumini anayepita pembeni akielekea msikitini angeweza kudai ada.

Toka pwani hadi Yatta ugomvi ulipanda kwa miguu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa mapokeo ya Luther aliyetumwa na shirika la Waanglikana, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1850 Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilichapishwa mjini Tübingen, kwa hiyo Kikamba kilipata Injili yake ya kuchapwa kabla hakijapata shule hata moja. Mwaka 1851 Krapf alipanda akiwa na nia ya kujenga kituo Yatta, kwenye uwanda ule mrefu wa mawe ya volkeno ambao Matuu iko upande wake wa juu. Hakudumu. Mwenyeji wake, mfanyabiashara maarufu Kivoi, aliuawa safarini karibu na mto Tana, na Krapf akatangatanga porini akiwa amejaza maji katika mtutu wa bunduki na katika ala ya darubini yake. Hivyo ndivyo mrithi wa mbali wa Luther alivyoondoka Yatta: bila kanisa, lakini kitabu kikiwa kimekwisha kuandikwa.

Roma nayo haikuchelewa sana. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Kabaa, upande wa Mwala, katika miaka ya kwanza ya 1910, na shule yao ikawa miongoni mwa shule mashuhuri za Kikatoliki nchini. Tom Mboya alisoma hapo. Wakati huo misheni ya AIM, iliyokuwa imeingia Ukambani mwaka 1895, ilikuwa imekwisha kushika sehemu kubwa ya nchi. Mkamba alipelekewa Wazungu wawili waliotukanana. Mmoja alimfundisha kusali kwa Kilatini asichokielewa. Mwingine alimpa Agano Jipya kwa Kikamba, lililotoka mwaka 1920, lakini hakumpa kiti cha mwenyekiti.

Kiti hicho ndicho kilichozaa African Brotherhood Church mwaka 1945. Simeon Mulandi na wenzake walijitoa chini ya wamisheni ili Waafrika wajiendeshee kanisa lao, na baadaye likaongozwa na Nathan Ngala kutoka Machakos. Hapa pana kejeli ambayo Luther angeiona uchungu. Watu waliofundishwa kwamba hakuna haja ya Papa waligundua kwamba kila kituo cha misheni kilikuwa na Papa wake mdogo, mwenye funguo za shule, za zahanati na za ubatizo. Walimfanyia kile ambacho babu zake walimfanyia yule wa Roma. Nyanza, katika miaka ya 1960, Legio Maria walikwenda njia ya pili: walijitenga na Roma lakini wakawa na Papa wao wenyewe, wakakishika Kilatini wakati ambapo Roma, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ilikuwa inakiachia. Na katika Machakos Katoliki funguo zilibadilisha mikono bila vita: jimbo lilipoundwa mwaka 1969 lilipewa askofu mwana wa Ukambani, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, na misa ikasomwa kwa lugha ambayo bibi wa kijijini angeweza kuikosoa.

Mtu akiuliza haya yanahusu nini Chama cha Kiswahili, na ajibiwe kwa mwaka mmoja: 1930. Ndio mwaka Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Ndani yake walikuwamo watu wa kanisa. Kabla ya hapo Biblia yenyewe ilikuwa na Viswahili viwili, ile ya Unguja ya 1891 na ile ya Mombasa ya 1914, na ikabidi kungoja hadi 1952 kupata tafsiri ya muungano. Kamati ilipitia vitabu vya shule na kuvipa kibali kabla ya kuchapishwa, kama vile kanisa lilivyokuwa likivipa vitabu vya dini. Hakuna ubaya katika lugha kuwa na kipimo. Ubaya huja pale mwenye kipimo anapojiona hakosei, na kutokosea kwa Papa mwenyewe, ambako wasomi hupenda kukucheka, kulitangazwa rasmi mwaka 1870 tu, tena kwa mipaka. Katika semina za Kiswahili mipaka hiyo aghalabu haipo. Mwanafunzi wa Matuu akiandika Kristu katika insha, msahihishaji aliyelelewa kwa Kristo atatia wino mwekundu? Akiandika kipaimara, atajua kwamba ni neno la sakramenti lenye historia, au atadhani ni kosa la tahajia?

John Mbiti, mwana wa Kitui, alionyesha njia nyingine. Alikuwa kasisi wa Kianglikana na profesa aliyejulikana duniani, na angeweza kuridhika na Biblia ya Kikamba ya 1956. Badala yake alilirudia Agano Jipya lote kutoka Kigiriki, peke yake, akalitoa mwaka 2014 akiwa amevuka miaka themanini, kwa sababu aliona makosa mengi katika tafsiri ya zamani ambayo wazee walikuwa wameyazoea hadi yakawa matakatifu. Hakumtukana mtu, wala hakuanzisha dhehebu. Alisoma matini vizuri kuliko waliomtangulia, basi.

Idara za Kiswahili zina kazi ya namna hiyo ikizingoja, na haihitaji nauli ya Roma. Mkazi wa Yatta aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano mwaka 1965, akajibu misa kwa Kilatini Jumapili moja na kwa lugha nyingine miaka michache baadaye, amekwisha kuvuka sabini. Anakumbuka maneno yapi yalikuja kwanza, yapi yalichekwa, yapi yalikataliwa na wazee. Vitabu vya sala vya miaka hiyo vimo masandukuni, vimeliwa na mchwa pembeni. Na katika makanisa ya kiprotestanti kando ya barabara, mhubiri mgeni anaposema kwa Kiswahili, bado husimama mkalimani ubavuni mwake akiyageuza kwa Kikamba sentensi baada ya sentensi, na pale anapoona mhubiri amekosea, humrekebisha kimyakimya katika tafsiri, na kusanyiko likasema amina kwa neno ambalo mhubiri hakulisema. Hotuba hizo hazijarekodiwa na mtu.